Sukari za kaboni tatu: mwongozo kamili wa kuzifuata toka kwenye ndizi mpaka kwenye damu

Mnaosoma bailojia fomu sita, mnaosoma unesi, maabara au udaktari mwaka wa kwanza hapa Moshi na Arusha, hii ni yenu. Na hata kama husomi chochote ila umewahi kujiuliza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inatoaga povu wapi wakati ilishaepuliwa na kupoa, kaa hapa.

Tatizo la glaikolisisi, yaani njia ya seli kuivunja glukosi ipate nguvu, ni namna tunavyofundishana. Tunaanza juu kwenye glukosi, tunashuka hatua kumi, tunafika chini, mtu kashika majina kumi ya enzaimu na hajui hata moja linafanya kazi gani, afu wiki moja baada ya mtihani yameyeyuka yote. Mi nashauri uanze katikati, pale kitu cha kaboni sita kinapokatwa vipande viwili vya kaboni tatu tatu, kwa sababu pale ndo njia zote zinapokutana, ya kupata nguvu, ya kutunza mafuta, ya kutengeneza sukari upya ukiwa umefunga, ya fruktosi ya kwenye soda, hadi ya mgomba kujitengenezea chakula. Ni Njia Panda ya Himo kabisa, unatoka Moshi unafika pale unaamua ni Rombo, ni Holili au ni Dar. Ukiielewa njia panda hiyo, majina mengine yanajileta yenyewe.

Vitu vya kuandaa

Karatasi, peni, punje tatu za maharage ya njano (chukua ya njano maana kwenye mekundu peni haionekani), punje tatu za mahindi, na vifuniko viwili vya soda. Maharage yaandike 1, 2, 3. Mahindi yaandike 4, 5, 6. Kila punje ni kaboni moja, kila kifuniko ni fosfeti moja. Usicheke, hizi punje zitakujibia swali moja huko mbele ambalo watu wanaokariri huwa wanalikosa.

Kama utafanya na jaribio la hatua ya 5 ongeza chupa tatu za plastiki za nusu lita, hamira, sukari, ndizi mbivu moja, ndizi mbichi moja na mapulizo matatu.

Hatua ya 1: Wajue wenyewe

Sukari za kaboni tatu ziko mbili tu, gliseraldehidi na dihidroksiasetoni. Zote fomula ni C3H6O3, zote uzito wa molekuli ni 90 hivi, yaani atomi zile zile kwa idadi ile ile. Tofauti ni oksijeni yenye bondi mbili imekaa wapi. Ikikaa kwenye kaboni ya mwisho unapata gliseraldehidi, ikikaa kaboni ya katikati unapata dihidroksiasetoni. Basi.

Gliseraldehidi ina kaboni ya katikati iliyoshika vitu vinne tofauti, kwa hiyo inakuja kwa sura mbili, D na L, na hiyo D unayoiona kwenye D-glukosi inapimwa kwa kulinganisha na hii hii gliseraldehidi. Dihidroksiasetoni haina kaboni ya namna hiyo. Ila ina umaarufu mwingine, wale watalii unaowaona wamepata rangi ya kahawia hata kabla hawajapigwa na jua la huku, wengine wameipata kwenye chupa, ni losheni yenye dihidroksiasetoni, inashikana na amino asidi za ngozi ya juu inageuka kahawia. Sukari, inapakwa mwilini. Dunia ina mambo.

Ndani ya seli hizi mbili hazitembei uchi, zinatembea zimebeba fosfeti. Gliseraldehidi yenye fosfeti tuiite GAP, dihidroksiasetoni yenye fosfeti ni DHAP. Vitabu vingine vinaandika G3P badala ya GAP, na vingine vinatumia G3P hiyo hiyo kwa gliseroli-3-fosfeti ambayo ni kitu tofauti kabisa, kwa hiyo kwenye notisi zako andika GAP uepuke kesi. Fosfeti ina kazi: inaipa molekuli chaji, na kitu chenye chaji hakipenyi utando wa seli kirahisi, kwa hiyo sukari ikishavishwa fosfeti imeshaingia ndani na haitoki.

Hatua ya 2: Kata

Panga punje zako mstari mmoja, 1 mpaka 6. Hiyo ni glukosi. Seli inatumia ATP moja (ndo sarafu ya nguvu ya seli) kuweka fosfeti kwenye kaboni ya 6, weka kifuniko kwenye punje ya 6. Afu glukosi inageuzwa kuwa fruktosi, punje hazihami. Afu ATP ya pili, fosfeti kwenye kaboni ya 1, weka kifuniko cha pili. Enzaimu ya hapa inaitwa fosfofruktokinezi, PFK kwa kifupi, na ndo geti kuu la njia nzima: seli ikiwa na ATP ya kutosha geti linabanwa, ATP ikipungua na AMP (ATP iliyoishiwa fosfeti mbili) ikipanda geti linafunguka. Likumbuke hilo geti, fruktosi ya soda inalikwepa.

Mpaka hapa umetumia ATP mbili na hujapata kitu. Sasa aldolezi inakuja inakata katikati, kati ya punje ya 3 na ya 4. Maharage 1, 2, 3 na kifuniko chake ndo DHAP. Mahindi 4, 5, 6 na kifuniko chake ndo GAP. Fosfeti moja kila upande, ndo maana iliwekwa huku na huku kabla ya kukata, kila kipande kitoke kimeshavaa.

Hatua ya 3: Geuza

Njia ya kwenda chini inapokea GAP peke yake, DHAP haipiti. Ingekuwa mwili hauna ujanja, nusu ya sukari yako yote ingekwama hapo. Ujanja ni enzaimu inayoitwa triosi fosfeti aizomerezi (triosi ndo sukari ya kaboni tatu), TPI, inageuza DHAP kuwa GAP na GAP kuwa DHAP, huku na huku.

Sasa sikiliza hapa vizuri. TPI inafanya kazi kwa kasi ambayo kinachoichelewesha ni muda wa molekuli kuogelea mpaka kuifikia tu, ikishafika inageuzwa papo hapo, wakemia wanaiita enzaimu iliyokamilika maana haina pa kuongeza spidi. Na ukiziacha DHAP na GAP zitulie zenyewe, kwenye kila 100 zitakuwa DHAP 96 hivi na GAP 4 tu. Mtu anaona hizo namba anasema basi njia imekufa, GAP nne zitafanya nini? Ila ndani ya seli hakuna kutulia, GAP ikitokea tu inachukuliwa hatua inayofuata, pengo linaachwa, TPI inaziba kwa kugeuza DHAP nyingine. Inavutwa toka mbele. Mwishowe DHAP yote ya njia hii inakuwa GAP.

Geuza maharage yako uyapange sambamba na mahindi: punje ya 1 inakaa nafasi moja na ya 6 (zote zina kifuniko), ya 2 na ya 5, ya 3 na ya 4. Toka hapa kwenda chini seli haijui tena yupi alikuwa haragwe yupi alikuwa hindi. Ni makande. Andika hizo jozi tatu pembeni: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4.

Na toka hapa kila kitu zidisha mara mbili, kwa sababu glukosi moja imetoa GAP mbili. Hapa ndo maksi nyingi zinapotea kwenye hesabu za ATP.

Hatua ya 4: Hatua yenye pesa

Ukiniambia nichague hatua moja tu ya kumfundisha mtu, nachagua hii. GAP inakutana na enzaimu ya GAPDH na vitu viwili vinatokea kwa mpigo. Kwanza GAP inanyang'anywa elektroni zake mbili na haidrojeni, zinachukuliwa na NAD+, kibeba elektroni cha seli, ambayo inageuka NADH. Pili, nguvu inayotoka kwenye kunyang'anywa huko inatumika kubandika fosfeti ya pili, na hiyo fosfeti inatoka bure kwenye maji ya seli, ATP haijaguswa. Unapata 1,3-bifosfogliseriti, ambayo fosfeti yake mpya imebandikwa kwa bondi yenye nguvu nyingi, na hatua inayofuata fosfeti hiyo inakabidhiwa ADP (ATP iliyopungukiwa fosfeti moja) inakuwa ATP. GAP mbili, ATP mbili. Deni lako la mwanzo limelipwa.

Kilichobaki ni haraka haraka: fosfeti iliyobaki inahamishwa toka kaboni ya 3 kwenda ya 2, enzaimu ya inolezi inatoa maji, fosfeti inakabidhiwa ADP, unabaki na piruveti mbili na ATP nyingine mbili, hizi sasa ndo faida. Uliweka mbili, ukatoa nne, faida mbili, na NADH mbili mkononi. Piruveti nayo ina kaboni tatu ila siyo sukari tena, ni asidi, usije ukaiandika kwenye orodha ya triosi.

Rudi kwenye NAD+. Seli inayo kidogo tu. Kila GAP inayopita inakula moja, kwa hiyo zikishageuka zote kuwa NADH, GAPDH inasimama na njia nzima inasimama, hata kama sukari imejaa tele. Oksijeni ikiwepo mitokondria, kinu cha nguvu cha seli, inaipokea mizigo ya NADH na NAD+ inarudi. Oksijeni ikiwa haitoshi, au seli haina mitokondria kabisa kama chembe nyekundu za damu, lazima elektroni zitupwe mahali. Misuli na chembe nyekundu zinazitupa kwenye piruveti inakuwa lakteti. Hamira inatoa CO2 kwenye piruveti kwanza inapata asetaldehidi, afu inazitupia hapo inakuwa ethanoli. Umeona? Pombe na lakteti havitengenezwi kwa sababu seli inavitaka, vinatengenezwa ili NAD+ irudi kuhudumia GAP. Mtu akikuuliza faida ya uchachushaji ni nini, jibu ni hilo, maana lakteti na pombe zenyewe hazileti hata ATP moja ya ziada.

Hatua ya 5: Ione kwa macho

Chukua chupa tatu. Ya kwanza maji vuguvugu nusu na vijiko viwili vya chai vya sukari. Ya pili maji vuguvugu na ndizi mbivu iliyopondwa. Ya tatu maji vuguvugu na ndizi mbichi iliyopondwa. Kila moja tia kijiko kimoja cha chai cha hamira, tikisa, vika pulizo mdomoni. Maji yawe ya kuvumilika mkononi, nyuzi 35 mpaka 40 hivi, ukiweka ya moto umeua hamira. Usifunge kwa kifuniko cha chupa badala ya pulizo, gesi itapasua chupa. Moshi mchana jua likiwepo utaanza kuona ndani ya nusu saa au saa moja, Arusha mwezi wa saba na baridi ile weka chupa kwenye beseni la maji vuguvugu la sivyo utasubiri sana.

Ya sukari na ya ndizi mbivu mapulizo yatasimama. Ya ndizi mbichi litalegea sana, maana ndizi mbichi imejaa wanga na hamira haiwezi kuuvunja wanga, haina enzaimu ya kazi hiyo, inataka sukari iliyo tayari. Ndo maana mbege inapikwa na ndizi zilizoiva, halafu ulezi unaowekwa ni wa kimea, ulioloweshwa ukaota, kwa sababu mbegu ikiota inatengeneza enzaimu za kuvunja wanga wake mwenyewe. Msesewe, lile gamba la mti, unaleta uchungu wake ila kwenye mambo ya triosi haupo. Bibi zetu wa Kibosho na Marangu walikuwa na biokemia yao sawa sawa kabla mkemia Eduard Buchner hajaonyesha mwaka 1897 kwamba juisi ya hamira iliyosagwa, bila seli hata moja iliyo hai, inachachusha sukari.

Sasa lile swali la punje. Gesi iliyojaza pulizo imetoka kaboni namba ngapi ya glukosi? CO2 inatolewa kwenye kichwa cha asidi cha piruveti, na kichwa hicho ni ile kaboni ya GAP iliyo mbali na fosfeti. Angalia jozi zako: ni 3 na 4. Kaboni za pale pale aldolezi ilipokata. Nyingine nne, 1, 2, 5 na 6, zimebaki kwenye pombe. Kwa uzito, gramu 180 za glukosi zikichachuka zote zinatoa ethanoli gramu 92 na CO2 gramu 88, karibu nusu kwa nusu.

Hatua ya 6: Barabara nyingine zinazoingia na kutoka

Chora DHAP na GAP katikati ya karatasi mpya, mshale wa huku na huku kati yake, afu chora hizi moja moja.

Mafuta. DHAP ikipewa elektroni za NADH inakuwa gliseroli-3-fosfeti, na huo ndo mgongo ambao asidi za mafuta tatu zinaning'inizwa kupata mafuta ya mwilini. Seli za mafuta hazina uwezo wa maana wa kuitumia gliseroli iliyo peke yake, zinategemea DHAP itokee kwenye glukosi, kwa hiyo ukila wali mwingi na insulini ikapanda, glukosi inaingia kwenye seli za mafuta na sehemu yake inakuwa mgongo. Mtu anakwambia yeye hali mafuta mbona ananenepa, mwonyeshe huo mshale.

Kufunga. Hapa mshale unageuka. Ramadhani au Kwaresima, ama umekosa kula tu, akiba ya sukari ya ini inapungua, na ukipitisha siku nzima hivi inakuwa karibu imekwisha. Seli za mafuta zinavunja mafuta, kila molekuli inatoa asidi tatu za mafuta na gliseroli moja. Gliseroli inaenda ini, inavishwa fosfeti, inakuwa DHAP, kwenye kila DHAP mbili moja inageuzwa GAP, zinaunganishwa na aldolezi ile ile ikifanya kazi kinyume, na unapata glukosi ya ubongo. Zile asidi za mafuta za kawaida, zenye idadi shufwa ya kaboni, haziwezi kuwa glukosi kwa binadamu. Gliseroli inaweza. Ni swali la mtihani hilo, na kwa gharama ni rahisi pia: kutoka piruveti mbili glukosi moja inakugharimu sawa na ATP sita, kutoka gliseroli mbili ni ATP mbili tu, kwa sababu gliseroli inaingilia njia panda moja kwa moja bila kupanda toka chini.

Fruktosi. Sukari ya mezani, hii inayotoka kwenye miwa ya kiwanda cha TPC, ni glukosi moja na fruktosi moja zimeshikana, kwa hiyo kila kijiko nusu yake ni fruktosi. Ini linaivisha fosfeti kwenye kaboni ya 1, aldolezi B inaikata, unapata DHAP na gliseraldehidi isiyo na fosfeti, halafu enzaimu nyingine inaivisha inakuwa GAP. Hesabu: ATP mbili zimetumika, sawa na glukosi. Ila angalia njia, haijapita kwenye geti la PFK. Glukosi ikija nyingi geti linasema ngoja kwanza, fruktosi inatokea nyuma ya geti tayari ni triosi, na kama nguvu haihitajiki inasukumwa kwenye mafuta ya ini. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hivi za sukari kwa mililita 100, fanya hesabu mwenyewe kwa chupa yako. Ndizi nayo ina fruktosi ila huwezi kula ndizi kumi kwa dakika mbili kama unavyokunywa soda, na ina nyuzi za kuchelewesha, kwa hiyo usimsingizie mgomba.

Jani. Kwenye mimea triosi ndo sukari ya kwanza kabisa kutengenezwa. Melvin Calvin, Andrew Benson na wenzao kule California waliipa mwani CO2 yenye kaboni 14, wakaisimamisha baada ya sekunde chache, wakakuta kaboni hiyo imejificha kwenye kitu cha kaboni tatu. Calvin alipewa Nobel mwaka 1961. Kitu hicho ni asidi, 3-fosfogliseriti, kinapokea ATP na NADPH (ndugu wa NADH) zilizotengenezwa na mwanga kinakuwa GAP, yaani ni zile hatua za kule juu zikienda kinyume. Hesabu yake ishike hivi: CO2 tatu zinaingia, GAP sita zinatoka, tano zinarudishwa kutengeneza mpokeaji wa CO2 upya, moja tu ndo faida ya mmea, kwa gharama ya ATP 9 na NADPH 6. Triosi hiyo moja inatolewa nje ya kloroplasti kwa kubadilishana na fosfeti, na nje huko ndo inajengwa sukari inayosafiri mpaka kwenye mkungu.

Kwenye kihamba, shamba la nyumbani, utapata mifano ya aina mbili. Mgomba, mbuni na maharage ni mimea ya C3, kitu cha kwanza kushika CO2 ni hicho cha kaboni tatu. Mahindi, ulezi na miwa ni C4, inaishika kwanza kwenye asidi ya kaboni nne, ila mwisho inaiachia kwenye mzunguko ule ule wa Calvin, kwa hiyo triosi haikwepeki.

Damu na mlima. Kwenye chembe nyekundu ile 1,3-bifosfogliseriti inaweza kuchepuka kabla haijatoa ATP, ikawa 2,3-BPG. ATP moja imepotea, ila 2,3-BPG inajibana katikati ya himoglobini na kuifanya iachie oksijeni kirahisi zaidi ikifika kwenye misuli. Wapagazi na wageni wakipanda Kilimanjaro, ambako kileleni mita 5,895 shinikizo la hewa ni karibu nusu ya la Dar, 2,3-BPG inaanza kupanda ndani ya siku moja hivi. Siyo dawa ya kila kitu, huko juu kabisa kupumua kwa kasi kunafanya damu ipoteze asidi na hiyo inavuta himoglobini upande mwingine, kwa hiyo pole pole ya waongoza wageni bado ni ya lazima. Na damu iliyokaa kwenye friji ya benki ya damu inapoteza 2,3-BPG, wiki mbili tatu imebaki kidogo sana, mgonjwa akiongezewa inachukua muda kurudi.

Uchafu. DHAP na GAP zikirundikana, chache zinadondosha fosfeti zenyewe bila enzaimu na kuwa methilglaioksali, kitu chenye fujo kinachoshika protini na kuziharibu. Mwili unacho cha kukisafisha, kinatumia glutathioni, ila kwa mwenye kisukari triosi zinapita nyingi na uchafu huu unaongezeka, ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mishipa midogo kuharibika.

Kuna na njia ya pentosi fosfeti inayoleta GAP na kuichukua, ichore mshale mmoja tu, ina mwongozo wake.

Hatua ya 7: Ziba uone kinachojaa

Namna ya kujipima ni hii. Weka kidole kwenye hatua moja ya mchoro, jifanye imezibwa, jiulize: kinajaa nini nyuma, kinakosekana nini mbele? Tuzibe kadhaa za kweli.

Ziba inolezi. Inazibwa na floraidi, na hii kwa watu wa huku ni ya nyumbani. Ukipimwa sukari maabara damu inawekwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, ina floraidi ndani, maana chembe za damu zinaendelea kula glukosi hata zikiwa kwenye chupa, na bila kuzuiwa inashuka asilimia 5 mpaka 7 kila saa. Sasa tumia mchoro: inolezi iko chini, heksokinezi inayoanza kazi iko juu. Ukiziba chini, juu haisimami mara moja, inaendelea kula glukosi mpaka ATP iishe, kwa hiyo hata kwenye chupa ya kijivu sukari inashuka kidogo saa moja au mbili za mwanzo. Wa maabara, chupa ya kijivu isikupe sababu ya kuacha sampuli dirishani ukaenda kunywa chai.

Najua swali linalofuata, maji ya kuzunguka Meru yana floraidi na meno ya watu ni ya kahawia, je glaikolisisi yetu imezibwa? Hapana. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na hata visima vibaya vinavyozidi hapo mara kadhaa bado viko mbali sana na kilichomo kwenye ile chupa, ambacho kinazidi miligramu 1,000 kwa lita. Meno yanaharibika kwa njia nyingine, kwenye ujenzi wa jino lenyewe utotoni.

Ziba TPI. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na TPI mbovu. DHAP inajaa, chembe nyekundu zinapasuka, mishipa ya fahamu inaharibika, wengi hawafiki utu uzima. Ukiona enzaimu ambayo upungufu wake ni mbaya hivyo ujue haikuwa ya kupamba mchoro.

Ziba aldolezi B. Mtoto ananyonya vizuri, siku anapoanzishiwa juisi na uji wa sukari anatapika, sukari ya damu inashuka, ini linavimba. Fruktosi inavishwa fosfeti haikatwi, fosfeti yote ya ini inanaswa humo, ATP inakosa fosfeti ya kujitengenezea. Tiba kubwa ni kuondoa fruktosi, sukari ya mezani na sorbitoli kwenye chakula chake maisha yote. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo mpeleke hospitali, usimtibu kwa mchoro.

Na aldolezi siyo yetu peke yetu. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu kinaishi kwa glaikolisisi, kinakula glukosi mara nyingi kuliko chembe yenyewe ingekula na kutoa lakteti, ndo moja ya sababu malaria kali inakuja na sukari kushuka na damu kuwa na asidi. Baadhi ya vipimo vya haraka vya malaria vina mstari unaokamata aldolezi ya kimelea.

Jipime

Funika mchoro, jibu, halafu funua.

Moja: mgonjwa anapewa glukosi yenye kaboni ya 1 iliyowekewa alama, anakimbia mpaka misuli inauma. Alama itakuwa kaboni ipi ya lakteti? Jozi ya 1 na 6 ni upande wa fosfeti, kwa hiyo ni kaboni ya 3, ya mkia, na ni nusu tu ya lakteti zitakuwa na alama, nusu nyingine zimetoka kwenye mahindi.

Mbili: seli inaanza na GAP moja badala ya glukosi, bila oksijeni. Faida ni ATP ngapi? Mbili. Hakuna deni la mwanzo na ni kipande kimoja. Ukijibu moja au nne rudi hatua ya 4.

Tatu: kwa nini vitabu vinatofautiana, vingine ATP 30, vingine 32, vya zamani 36 au 38, kwa glukosi moja ikiungua yote? NADH mbili za hatua ya GAPDH ziko nje ya mitokondria na haziwezi kuingia zenyewe. Elektroni zake zikibebwa na DHAP ikiwa gliseroli-3-fosfeti, kila NADH inaleta ATP 1.5. Zikibebwa kwa njia ya maleti, mbebaji mwingine, inaleta 2.5. Hiyo tofauti ya moja mara mbili ndo 30 na 32. Zile 36 na 38 ni hesabu ya zamani iliyokuwa inaipa kila NADH ya ndani ya mitokondria ATP tatu nzima. Kwenye mtihani andika ya kitabu mnachotumia darasani, na uonyeshe hesabu yako pembeni msahihishaji aione.